Sharti la Kifaransa katika sejep za Kiingereza Quebec: maana yake

Sejep ni chuo cha Quebec, jimbo la Kanada ambalo lugha yake rasmi ni Kifaransa, anachoingia mwanafunzi baada ya kumaliza sekondari. Anasoma miaka 2 akielekea chuo kikuu, au miaka 3 akisomea fani ya kazi, na anatoka na stashahada iitwayo DEC. Chache hufundisha kwa Kiingereza, kama Dawson na Vanier za Montreal. Sharti la Kifaransa ni yale ambayo mwanafunzi wa sejep hizo lazima ayatimize kwa Kifaransa ndipo apewe DEC.

Masomo 2 ya Kifaransa, ya saa 45 kila moja, yalikuwapo tangu zamani, na kila mtu hupangiwa ngazi yake kati ya 4. Sheria ya 96 ya mwaka 2022, sheria ya Quebec ya kulinda Kifaransa, ndiyo iliyokaza kamba: walioanza muhula wa vuli (unaoanza Agosti) wa 2024 na kuendelea wana masomo 5.

Uzito wa hayo 3 ya ziada unategemea karatasi moja, yaani cheti cha haki ya kusoma kwa Kiingereza. Kwa kawaida hupewa mtoto ambaye mzazi wake ni raia wa Kanada aliyesoma sehemu kubwa ya shule ya msingi kwa Kiingereza nchini Kanada. Shule ya Kiingereza ya Nairobi au Arusha haihesabiki, na hapa familia nyingi hukosea.

Mwenye cheti anaweza kujaza nafasi hizo 3 kwa kusoma lugha ya Kifaransa. Asiye nacho husoma masomo mengine yanayofundishwa kwa Kifaransa, kisha lazima afaulu mtihani wa Kifaransa wa jimbo zima. Akishindwa huo, DEC hapati, hata kama mengine yote amefaulu. Kujifunza Kifaransa na kujifunza kwa Kifaransa ni mambo mawili: katika la pili mwalimu hasubiri, na istilahi za fani zinakuja pamoja na somo lenyewe.

Kijana aliyekulia Bukavu au Bujumbura huenda akaona sharti hili ni jepesi. Kwa kusikiliza, kweli. Kwa kuandika, ajihadhari: *parler*, *parlé* na *parlez*, maumbo matatu ya kitenzi “kuongea”, hutamkwa sawasawa, na anayeandika kwa kufuata sikio hupoteza alama mstari baada ya mstari. Dawa ni kuandika kila wiki na kusahihishwa, si kuongea zaidi.

Alama za masomo haya huingia kwenye *cote R*, kipimo ambacho vyuo vikuu vya Quebec hutumia kuchagua wanafunzi. Kwa hiyo ngazi uliyopangiwa ikikuzidi, mwone mwalimu wiki ya kwanza uombe kupimwa upya. Kuacha somo bila alama kubaki kwenye rekodi kunawezekana hadi karibu tarehe 20 Septemba kwa muhula wa vuli; baada ya hapo, ukifeli, alama hiyo inahesabiwa.