Kabla hujanunua betri ya lithiamu, fungua boneti kwanza

Wateja wengi wanaoniletea magari ya safari hapa Ndeeba, Kampala, siku hizi huja na boksi tayari liko kwenye buti. Ndani mna betri ya lithiamu ya Ah (ampea kwa saa) 100 au 200, mpya, ya kuwekwa mahali pa betri ya pili, ile ya nyuma inayoendesha friji na taa, na ombi ni moja: "Fundi, toa hii ya zamani, weka hii." Wanaiona ni kazi ya spana na dakika chache. Kwa mikono tu, kweli ni hivyo. Betri inaingia palepale, friji inawaka, taa za hema la juu zinawaka, mwenye gari anafurahi. Matatizo hujitokeza baadaye, barabarani.

Ninachowaambia wote ni hiki: gari lako lilitengenezwa kwa betri inayokataa chaji ikianza kushiba. Sasa unalipa betri isiyokataa. Kazi kubwa basi iko kwenye njia ya umeme kutoka altaneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) hadi kwenye betri, na sehemu nzuri ya bajeti iende huko. Ukimaliza pesa zote kwenye betri, umenunua nusu ya mfumo.

Nazungumzia Land Cruiser zenye hema juu ya paa, Hiace na Coaster zilizogeuzwa nyumba za kulala, na betri za aina ya LiFePO4 peke yake. Hizo zinatumia chuma na fosfeti, zinavumilia joto na vishindo kuliko zile za simu na kompyuta. Mtu akikuletea pakiti iliyofunguliwa kutoka bodaboda ya umeme, mwambie ahsante na umrudishie. Volti zake na za gari lako hazina undugu.

Betri ya risasi na tindikali hula kama mgonjwa: vijiko vichache vya kwanza vinaingia, kisha anasukuma sahani. Ikifika robo tatu hivi, ampea zinashuka zenyewe na altaneta inapumzika. Lithiamu hupokea karibu kila inachopewa mpaka inakaribia kujaa kabisa. Altaneta ya ampea 80 haikutengenezwa kutoa ampea 80 masaa mawili mfululizo. Tena inapozwa na feni yake yenyewe, ambayo mwendo wake hutegemea mzunguko wa injini. Fikiria Ijumaa jioni, umetoka Entebbe na wageni, umekwama kwenye foleni ya Kibuye, hujakanyaga mafuta robo saa. Feni inazunguka polepole, AC iko wazi, taa zimewashwa, friji inavuta, na huko nyuma lithiamu inanyonya kila kilichobaki. Koili za altaneta zinapanda joto, vanishi inayozifunika inaanza kuungua, daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinafuata.

Dereva mmoja wa watalii alinipigia akiwa karibu na Lyantonde, betri yake ilifungwa kwa fundi mwingine: "Fundi, gari inanuka kama rangi imeungua, na taa ya chaji imewaka." Sikuhitaji kuuliza maswali mengi. Nilimuuliza kama betri ya nyuma ni mpya, akasema ndiyo, ya lithiamu, imeungwa moja kwa moja.

Kuna na jambo jingine linaloua altaneta, hili ni la ghafla. Kila betri ya lithiamu ya maana ina bodi ndani ya kuilinda, inayoitwa BMS. Ikiona seli moja imepita volti 3.65, inakata. Altaneta ikiwa inasukuma ampea 60 na mzigo ukatoweka mara moja, volti hupaa kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kupasua daiodi. Betri ya stata (ile ya mbele, ya kuwasha injini) ikiwa imeungwa sambamba hupunguza kishindo. Ikiwa mtu ameiondoa ili kupunguza uzito wa gari (nimeyaona hayo), redio na kompyuta ya injini zinaweza kwenda pamoja na altaneta. Betri ya stata ibaki ya risasi.

Tatu ni ile rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kugawa chaji ambayo iko kwenye karibu kila gari la safari lililofungwa zamani. Nyingi hufunga zikiona volti 13.3 na kuachia zikishuka hadi 12.8 hivi. Kwa betri ya risasi hesabu hiyo ni sawa, kwa sababu ikijaa na kutulia husoma 12.7. Lithiamu iliyojaa ikitulia husoma 13.3 au zaidi kidogo. Umezima gari, umelala, lakini rilei bado inaona volti nyingi na haiachii. Betri ya mbele na ya nyuma zinabaki zimeungwa pamoja mpaka lithiamu iwe karibu kuisha. Ukitaka kujua kama gari lako linafanya hivyo, zima injini, subiri nusu saa, pima volti za betri ya stata. Ukisoma 13.2, rilei haijaachia.

Dawa ya yote matatu ni moja: chaja ya betri kwa betri, ile inayoandikwa DC-DC. Inakaa kati ya mbele na nyuma, inachukua kiasi ilichopangiwa tu, inatoa volti 14.2 hadi 14.4 zinazofaa lithiamu, na injini ikizimwa inaacha. BMS ikikata, inakatia chaja, altaneta haisikii kitu. Kwa altaneta ya 80 mimi nafunga chaja ya ampea 30, hata kama duka lina ya 50 kwa bei nzuri. Kumbuka ampea 30 ni za kutokea. Volti 14.2 mara 30 ni wati 426. Ongeza kinachopotea ndani ya chaja, karibu asilimia 12, unafika kama wati 480. Upande wa kuingilia, kwa volti 12.5, hiyo ni ampea 39 hivi. Hizo ndizo altaneta inazotoa. Na ampea 30 si kidogo: Kampala hadi Murchison, masaa matano barabarani, ni Ah 150 zimeingia.

Hilux na Ranger za karibuni zina altaneta zinazoshusha volti zenyewe ili kuokoa mafuta. Huko chaja ya DC-DC ni lazima hata kwa betri ya risasi, na ipewe waya wa swichi ili ijue injini inafanya kazi.

Wenye Coaster nisikilizeni. Gari lenu ni la volti 24, betri mbili zimefuatana. Kuna mazoea ya kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili, kwa taa na redio. Betri hiyo inaisha nusu, mwenzake imejaa, altaneta inaziona kama kitu kimoja chenye volti 28, basi iliyojaa inachemshwa na iliyoisha haijai kamwe. Ukipitishia lithiamu hapo umeharakisha kifo cha zote. Tumieni chaja ya kutoka 24 kwenda 12, iungwe kwenye betri zote mbili.

Sasa waya. Hapa ndipo watu hubana pesa, na ndipo mimi husimama wima. Chukua zile ampea 39, betri ya nyuma iko mita 5 kutoka mbele, kwa hiyo mita 10 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ambao wengi huuona ni mnene, unapoteza zaidi ya volti 1.1. Altaneta inatoa 14, chaja inaona 12.9, na baadhi ya chaja kwa volti hizo huamini injini imezimwa. Zinakata, volti zinapanda, zinawaka, zinakata tena. Njiani wati 44 zinageuka joto ndani ya waya uliopitishwa chini ya kapeti. Ukiweka wa 16 unapoteza volti 0.4. Wa 25 unapoteza chini ya 0.3. Mimi naweka 16 kwa chaja ya 30, na 25 kama mteja ana mpango wa kuongeza.

Halafu hakikisha ni shaba. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Chomoa unywele mmoja, ukwaruze kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka katikati, ule mwingine unang'aa mweupe. Pia ni mwepesi mkononi. Upotevu wake wa volti ni kama mara moja na nusu ya shaba, na ukibanwa kwenye lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) hulegea kwa mtetemo. Na barabara zetu ni mtetemo tupu. Muulize yeyote aliyetoka Kidepo kwa barabara ya murram. Lagi nabana kwa mashine ya kubania, sipigi nyundo.

Fyuzi ziwe pande zote mbili za waya huo, karibu sana na kila betri, chini ya sentimita 20 ukiweza, kwa sababu kila upande una umeme wake. Shoti ya lithiamu inaweza kutoa maelfu ya ampea, na fyuzi ya bei rahisi yenye kidirisha cha plastiki huyeyuka huku cheche ikiendelea kupita. Kwa betri yenyewe natumia fyuzi ya aina ya T, ghali kweli, haina mbadala ninaouamini.

Betri isikae chini ya boneti. Zilizo nyingi haziruhusu kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na Karamoja mchana ndani ya injini unazipita bila kutafuta. Baridi tusiisumbukie: katazo ni kuchaji chini ya sifuri, na hata Kisoro usiku hatufiki huko.

Sola inafaidika na tulipo. Ikweta inapita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, kwa hiyo paneli ilazwe bapa juu ya paa na usihangaike na vyuma vya kuiinamisha. Kinachotushinda ni miti. Kambi nzuri ina kivuli, na kivuli cha tawi moja kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wa paneli. Ndiyo maana naona bora paneli moja juu na moja ya kukunja yenye waya mrefu. Kwenye kidhibiti chaji badilisha mipangilio: volti ya kujaza 14.2 hadi 14.4, ya kutunza 13.5, ile ya kusawazisha izimwe kabisa, na marekebisho ya joto yawe sifuri. Kidhibiti kilichopangwa kwa risasi hushusha volti kukiwa na joto, na lithiamu yako haitajaa sawasawa. Chaja ya kuchomeka kwenye volti 240 za kambi, kama ina kitufe cha kufufua betri, iache nyumbani. Hizo hupandisha volti kupita 15.

Mwenye gari akizoea risasi anaangalia volti kujua kiasi kilichobaki. Kwa lithiamu acha. Inasoma 13.2 au 13.1 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha inaporomoka ghafla. Unahitaji mita yenye shanti (kipande cha chuma cha kupimia umeme unaopita) kwenye waya wa hasi, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Hasi zote zipite upande wa pili wa shanti. Mtu akiunga hasi ya friji moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, mita itasema asilimia 90 wakati betri imebaki asilimia 40, na lawama zitakwenda kwa betri.

Inveta nayo, ile inayogeuza volti 12 kuwa 240: ya wati 2000 ikitumika yote huvuta zaidi ya ampea 180 kwa volti 12. Betri ya Ah 100 yenye BMS ya ampea 100 haifiki hapo. Birika la umeme litafanya BMS ikate, na sehemu yote ya nyuma ya gari itakuwa giza. Chemsheni chai kwa gesi.

Kabla ya yote hayo, pima betri uliyonunua. Kwanza uzito: ya Ah 100 ya kweli huwa kilo 10 hadi 13. Ikiwa kilo 6, ndani kuna hewa. Kisha ijaze, uichoshe kwa balbu nne za taa za mbele za wati 55. Zinavuta kama ampea 17, kwa hiyo iwake karibu masaa sita. Ikizima baada ya masaa matatu, irudishe dukani siku hiyohiyo, balbu na risiti mkononi.

Kuna wanaokuja ninawaambia wasifunge lithiamu kabisa. Kama gari linatembea kila siku, wageni wanalala loji, na kazi ya betri ni friji moja ya lita 40 inayotumia Ah 30 hadi 50 kwa siku, AGM (betri ya risasi iliyofungwa, isiyomwagika tindikali) nzuri na waya mnene vinatosha, na pesa zitakazobaki nunua matairi. Lithiamu ni ya anayepaki siku tatu Kidepo bila kuwasha injini. Huyo namfungia. Nikimaliza, tunawasha gari, AC na taa zote, halijakanyagwa mafuta, betri ya nyuma ikiwa imeisha nusu; naweka klampu mita (kipima ampea cha kubana waya) kwenye waya wa altaneta na baada ya dakika 20 nashika kila lagi kwa mkono. Lagi iliyo moto kuliko waya wake naikata na kuibana upya. Safari ya kwanza ya murram ikiisha, alirudishe nikaze nati zote.