Kabla ya Kumlipa Mtu Akutajie Kipawa cha Mwanao

Tangu kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi (CBC) wa Kenya liingie Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu, Januari 2026, afisi yetu ya ushauri wa kazi, katika chuo kimoja hapa Kisumu, imekuwa ikipokea wazazi kuliko ilivyozoea. Wengi huja na karatasi: ripoti ya kipawa cha mtoto waliyoilipia kwa mtu anayejiita kocha wa vipaji. Mama mmoja wa Nyalenda alizitandika mbili mezani pangu, za wanawe wawili waliopishana miaka mitatu. Miduara ya rangi ni ileile, asilimia ni zilezile, hata neno "uhandisi" limekosewa herufi ileile. Kilichobadilika ni majina. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, mhandisi ni yupi?"

Nikamwambia, "Mama, karatasi hizi haziwajui wanao." Alikuwa amelipa pesa za karo.

Makocha wa vipaji wapo wanaofanya kazi ya maana, na sitaki makala haya yawaharibie jina. Mwenzangu afisini ni mmoja wao. Alikuja kwake dada anayeuza mitumba soko la Kibuye, akiuliza kozi inayomfaa mtu "asiye na kipawa chochote". Mwenzangu hakumpa fomu. Alimwomba amsimulie Jumapili yake sokoni, toka kufungua marobota hadi kufunga. Katika kusimulia, dada akataja wateja kumi na wawili waliochukua nguo kwa deni: nani, kiasi gani, gauni la rangi gani, na siku aliyoahidi kulipa. Hana daftari. Alipoulizwa alijifunzia wapi, alicheka, "Hiyo ni kazi tu, si kitu." Mtu huwa haoni kipawa katika jambo alilolizoea, na ndiyo maana kocha anahitajika. Walikutana mara nne. Kufikia mara ya mwisho alikuwa ameanza kuweka hesabu za chama cha akiba cha wenzake, na kila wiki wakazikagua pamoja kuona kama kweli anaiweza kazi hiyo, au alikuwa akikumbuka tu madeni yake mwenyewe.

Dodoso, yaani maswali ya kujipima, pia zina nafasi yake. CliftonStrengths ya kampuni ya Gallup huuliza jozi 177 za kauli na kupanga vipawa katika makundi 34; VIA hupima sifa 24 za tabia. Zote hutegemea majibu yako. Ukijibu kwa namna unavyotamani kuwa, utarudishiwa matamanio yako. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: hakuna dodoso linalojua kazi atakayofanya mtoto wa miaka 15. Linaweza kuanzisha mazungumzo kuhusu mikondo mitatu ya masomo ambayo mwanafunzi huchagua mmoja sekondari ya juu, basi. Nazo alama za vidole, ambazo wengine huzichukua wakidai zinaonyesha kipaji, hazisomi kipaji cha mtu. Hakuna ushahidi wa kisayansi unaokubali hilo, na sielewi kwa nini tunaendelea kulipia.

Sasa sheria, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia wanasimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, na lazima wasajiliwe na bodi yao. Muulize nambari ya usajili. Aliye nayo hakasiriki. Kocha hana sheria ya namna hiyo, vyeti vyake ni vya hiari. Shirika la kimataifa la makocha, ICF, kwa cheti chake cha ngazi ya kwanza hudai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kuwahudumia wateja. Cheti cha warsha ya siku mbili hotelini hakifiki hapo. Na mazungumzo yakigusa msiba, huzuni isiyoisha au mawazo ya kujidhuru, kocha anapaswa kusimama na kukuelekeza kwa aliyesajiliwa.

Jambo ambalo wazazi hawaulizi kabisa ni majibu ya mtoto yanahifadhiwa wapi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za mtoto hazichakatwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Una haki ya kuambiwa zinatumiwa kwa nini, kuziona, kusahihisha zenye makosa, na kutaka zifutwe zisizostahili kuhifadhiwa. Anza kwa kumwandikia aliyezichukua, ubaki na nakala. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, kwa maandishi au kwa mdomo. Ukilalamika kwa mdomo, ni jukumu la afisi yake kuhakikisha malalamiko yameandikwa. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu. Kosa ambalo sheria hiyo haikulitajia adhabu mahususi lina faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Uende na risiti ya malipo, ujumbe mliotumiana na ile ripoti yenyewe. Tafadhali msizichane kwa hasira, kama alivyofanya baba mmoja kabla ya kufika kwetu.

Kabla ya kulipa, dai makubaliano yaliyoandikwa: vikao vingapi, bei gani, nani ataiona ripoti, na pesa zinarudishwa lini.

Ukija afisini kwetu, njoo na mwanafunzi mwenyewe. Wazazi wengi huja peke yao, wakatujibia maswali yote yanayomhusu mtoto, naye yuko nyumbani.