Mafuta ya kahawia hayauzwi kwa pakiti

Tangu baridi ya Julai iingie Nairobi, kitengo chetu cha usalama wa dawa kinapokea malalamiko ya namna moja: mtu amenunua vidonge mtandaoni, akaahidiwa kwamba "vitaamsha mafuta ya kahawia" na kuondoa kitambi, na sasa moyo unamwenda mbio. Anayetafuta nafuu hatumlaumu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa karibu wanawake 45 kati ya 100 nchini wana uzito uliozidi.

Mafuta ya kahawia yapo kweli mwilini. Seli zake zimejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati, na protini ya UCP1 iliyomo huzifanya zichome sukari na mafuta ili kutoa joto. Watoto wachanga wanayo ya kutosha. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba hata watu wazima wanayo, hasa shingoni na juu ya mtulinga. Lakini ni kidogo, na wenye uzito mkubwa kwa kawaida huwa nayo kidogo zaidi.

Baridi huyaamsha mafuta haya. Nchini Japani, watafiti waliwaweka watu katika baridi ya nyuzi 17 kwa saa mbili kila siku, wiki sita mfululizo. Mafuta ya mwili yalipungua kidogo tu. Kujimwagia maji baridi asubuhi si tiba ya unene, na tumechoka kulirudia hili. Mirabegron, dawa ya kibofu, iliamsha mafuta hayo katika jaribio la 2015 kwa dozi ya miligramu 200, mara nne ya ile ya juu ya kawaida, na mapigo ya moyo yakapanda. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu unene kwa njia hii.

Tunachokiogopa zaidi ni DNP, kemikali inayouzwa kama dawa ya kupunguza uzito. Hiyo haichagui: huchoma nishati katika mwili mzima, joto likapanda hadi kuua, na haina kiuasumu. Marekani iliikataa mwaka 1938.

Kabla ya kununua, angalia leseni ya duka na cheti cha mfamasia ukutani, kisha uhakikishe jina la duka kwenye tovuti ya Bodi ya Dawa na Sumu (PPB), inayosimamia dawa nchini. Neno "asilia" kwenye pakiti si kibali. Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sura ya 244, yaani Sheria ya Dawa na Sumu, liwe duka la River Road au ukurasa wa mtandaoni; adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.

Ukidhurika, mwananchi yeyote anaweza kuripoti kwa Bodi, si daktari pekee. Hifadhi pakiti, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Andika siku uliyoanza kumeza na dawa nyingine unazotumia. Ila joto la mwili likipanda, jasho likikutoka mfululizo au moyo ukienda mbio, ripoti itangoja: nenda hospitali saa hiyohiyo, na pakiti uibebe.