Kuchakachua farasi, maana yake nini hasa

Juzi hapa kwenye duka la dawa za mifugo Uyole, Mbeya, kaingia kijana wa bodaboda kununua dawa ya kupe ya mbwa wake, kabla hajatoa hela akanionyesha klipu kwenye simu, farasi mweusi anang'aa utafikiri kapakwa mafuta ya nazi, yuko uwanjani anatembea, miguu ya mbele anairusha juu mpaka karibu na kifua, ya nyuma kaikunja kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda afu kigoda hakipo, na jukwaani watu wanashangilia. "Mzee cheki, farasi anacheza kiduku!" Nikacheka kwanza, maana kweli inachekesha, afu nikamwambia rudisha nyuma uangalie pale juu ya kwato za mbele. Kuna cheni. Na chini ya kwato kuna kitu kirefu kama soli ya raizoni. Huyo hachezi bwana, huyo kila akikanyaga anaumia.

Akaniuliza sasa hiyo inaitwaje. Nikamwambia huko ni kuchakachua. Neno tunalijua toka enzi za petroli kuchanganywa na mafuta ya taa, kwa macho ni petroli ile ile, pampu inasoma lita zile zile, injini ndo inakuja kujua baadaye. Kumchakachua farasi ni hivyo hivyo, unamfanyia kitu mwilini mwake, iwe dawa, sindano, kisu, cheni, chochote, ili siku ya mashindano jaji aone farasi ambaye hayupo. Aliyepo anachechemea, jaji anaona mzima, au aliyepo ni mkorofi balaa na jaji anaona mpole wa kupandwa na mtoto.

Ile ya kwenye klipu wenyewe wanaiita soringi. Farasi ni wa ukoo wa Tennessee Walking Horse, wa Marekani, na kwa asili wana mwendo laini sana, walikuwa wa kuzungukia mashamba, mtu anakaa juu kutwa nzima na mgongo haumuumi. Sasa kwenye maonyesho ikaingia staili inaitwa Big Lick, utepe wa ushindi anapewa anayenyanyua mguu juu zaidi, na njia ya mkato ikawa kumpaka mafuta ya haradali au dizeli au mafuta ya taa pale juu ya kwato, wanazungushia nailoni, anakaa nayo siku kadhaa mpaka ngozi inaungua, afu wanamvalisha ile cheni ambayo kila hatua inagonga kwenye kidonda. Kwa hiyo mguu anaunyanyua haraka kwa sababu kuuweka chini ndo shughuli.

Sheria ya kuzuia hayo Marekani ipo toka 1970, inaitwa Horse Protection Act. Mkaguzi anabonyeza kwa kidole gumba pale juu ya kwato, farasi akishtuka anatolewa. Ila watu wakatafuta namna, wengine wanapaka ganzi inayoisha nguvu baada ya ukaguzi kupita, na wengine wanafanya ukaguzi wa uongo nyumbani, wanambonyeza akishtuka anapigwa, wanambonyeza tena akishtuka anapigwa, mpaka anajifunza kwamba kutulia ndo usalama wake. Mimi ile dizeli naweza kuielewa kama ukatili wa kawaida wa mtu mwenye tamaa, lakini kumfundisha mnyama afiche panapouma, hapo nashindwa kabisa.

Watu wengi wakisikia dawa kwenye mashindano wanafikiria kuongeza nguvu, sindano za wakimbiaji na wabeba vyuma. Kwa farasi wa maonyesho mara nyingi ni kinyume, wanamtaka apoe. Kuna mashindano ambayo jaji haangalii nani ana kasi, anaangalia nani katulia, hatupi kichwa wala kustuka na mwavuli, sasa farasi mwenye damu moto atatulizwaje jioni ya leo kama mashindano ni kesho asubuhi? Njia halali ni mazoezi ya miezi, yaani muda na hela. Njia nyingine ni chupa. Wametumia mpaka dawa za binadamu za magonjwa ya akili. Wametumia magnesiamu ya kuchoma kwenye mshipa, ambayo ukizidisha moyo unasimama. Na dada zangu mnaosoma hapa hii itawashangaza, wametumia Depo, ile ile sindano ya uzazi wa mpango ya kliniki, wanawachoma farasi kwa imani kwamba inawapoza, mpaka chama kinachosimamia michezo ya farasi Marekani kikaja kuipiga marufuku kwenye mashindano yake Desemba 2019.

Tusijifanye haya ni ya Wazungu tu. Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa dalali wa mifugo huko Usangu, na siku moja nikiwa darasa la 5 alinituma pilipili kichaa za shilingi kumi. Nikaleta nikidhani ni za mboga. Akazisaga kwenye kiganja na mate kidogo, akaenda nyuma ya punda mmoja mzee, kachoka, masikio yameanguka, akampaka chini ya mkia pale pale penyewe. Mimi ndo nilikuwa nimeshika kamba. Punda alivuta pumzi moja ndefu, mkia ukaenda juu, masikio yakasimama, akaanza kukanyaga-kanyaga kama kijana, na yule mnunuzi akasema "huyu bado ana nguvu" akatoa hela. Mjomba alininunulia soda. Nilikunywa, siwezi kudanganya.

Baadaye nikiwa chuo cha mifugo ndo nikajua kwamba huko kwa wenzetu hiyo kazi ilifanywa kwa tangawizi, farasi anawekewa tangawizi kwenye haja kubwa ili mkia usimame aonekane ana moto, na ni ya zamani mno, kamusi moja ya Kiingereza cha mitaani ya mwaka 1785 inaieleza na inasema kabla ya tangawizi walikuwa wanaingiza mkunga, samaki mzima, yuko hai. Sasa dalali wa London na mjomba wangu hawakuwahi kukutana ila kazi yao moja.

Pilipili yenyewe imefika mpaka Olimpiki. Mwaka 2008 michezo ilikuwa Beijing ila farasi walishindania Hong Kong, na farasi kadhaa wa kuruka vizuizi wakakutwa na kapsaisini, hicho ndo kitu kinachofanya pilipili iwashe. Mmoja ni Camiro wa Norway, na Norway ikapoteza shaba ya timu, ikaenda Uswisi. Kapsaisini ina sura mbili, ukimpaka mgongoni kama dawa ya kuchua inapunguza maumivu, ukimpaka miguuni inaweza kufanya ngozi iwe nyepesi kuuma kiasi kwamba akigusa ule mti wa kuruka anaumia zaidi, basi ananyanyua miguu juu. Ndo maana ipo kwenye orodha ya marufuku bila kujali umesema uliipaka kwa nia gani. Miaka 4 kabla ya hapo, Athens 2004, Ireland ilikuwa na dhahabu moja tu kwenye michezo yote, ya farasi Waterford Crystal, ikachukuliwa kwa sababu ya dawa za kutuliza kwenye sampuli zake, na hapo niseme kwa haki, kamati iliyosikiliza kesi ilikubali kwamba mpanda farasi hakukusudia kudanganya ila medali ikaondoka. Kwa lugha nyingine, ukikutwa nayo kwenye damu, nia yako inapunguza adhabu tu, matokeo hayarudi.

Hapo ndo watu wanauliza, kwani dawa zote ni dhambi? Farasi akiumwa asitibiwe? Na hapa ndo penye dhana yenyewe, mengine yote ni mifano.

Kuna mteja alikuja hapa dukani siku ya Alhamisi anataka sindano ya maumivu ya ng'ombe wake wa kulimia, anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Nikamuuliza ameanza lini, kwato umezitazama, kuna usaha? Akawa hana majibu, anarudia tu hiyo sindano inakaa mwilini siku ngapi. Nikashangaa mtu anauliza siku ngapi itakaa wakati mgonjwa huwa tunamuuliza atapona lini. Ndo akasema Jumamosi anampeleka mnadani. Dawa ni ile ile, chupa ile ile, dozi ile ile, ambayo wiki iliyopita nilimuuzia mama mmoja wa Inyala kwa ng'ombe wake na nikamsifia. Tofauti ni kwamba ng'ombe wa yule mama alipewa dawa na kupumzishwa, huyu alitafutiwa dawa ili atembee mbele ya macho ya mtu. Maumivu ndo kauli pekee ya mnyama, anakuambia usinikanyagishe hapa pamevunjika au pana usaha, sasa ukimziba mdomo afu ukamtembeza kilometa kadhaa, lile jeraha linaendelea kuharibika kimya kimya.

Kwa hiyo mimi kipimo changu ni hiki, dawa imetolewa kwa faida ya mwili wa mnyama au kwa faida ya jicho la anayeangalia?

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, nao orodha yao imegawanyika kwa mtindo unaofanana na huo. Kuna vitu ambavyo havina sababu ya kuwa kwenye farasi wa mashindano muda wowote, na kuna dawa za tiba za kawaida ambazo mtibie tu nyumbani, ila siku ya kushindana ziwe zimeshatoka mwilini. Bute kwa mfano, dawa ya maumivu ambayo farasi wengi wanaijua kuliko majina yao. FEI hawaitaki kwenye damu ya farasi anayeshindana. Mashindano ya ndani ya Marekani wanairuhusu kwa kiwango fulani, hoja yao ni kwamba farasi wa miaka 15 ana viungo vinauma kama mzee yeyote na kumnyima kidonge kidogo ni ukatili pia. Hoja ina uzito, ila mimi naona kama bila kidonge hawezi kushindana basi abaki nyumbani ale majani, mzee wetu nani tunampa dawa ya magoti afu tunampeleka kuruka kamba?

Kisu nacho kipo. Kuna mshipa wa fahamu unaoleta hisia sehemu ya nyuma ya kwato, unaweza kukatwa na daktari, farasi mwenye ugonjwa sugu pale anaacha kuchechemea. FEI hawaruhusu farasi mwenye mguu usiohisi ashindane. Mkia pia, kuna mashindano farasi akipunga-punga mkia anapungukiwa alama kwa sababu mkia unaonyesha kakereka, basi badala ya kuondoa kinachomkera wakaona wachome sindano ya alkoholi kwenye mishipa ya mkia ubaki unaning'inia tu. Na zile ndevu za kuzunguka mdomo na macho walikuwa wananyoa ili uso uwe laini kwenye picha, kumbe ndo anapapasia chakula nazo, pua inamzuia kuona kilicho chini ya mdomo wake. FEI walipiga marufuku kuanzia Julai 2021.

Ngamia wasiseme wamesahaulika, Saudi Arabia kuna mashindano ya urembo wa ngamia yenye zawadi za mamilioni ya dola, na Desemba 2021 ngamia zaidi ya 40 walitolewa kwa kuchomwa botoksi midomo na kufanyiwa mengine ya kurembesha uso. Nilipomwambia yule kijana wa boda alikaa chini kabisa kwenye gunia la pumba.

Akaniuliza swali zuri, mbona wakimbiaji nao wanachoma na hatuwaonei huruma? Mkimbiaji kajichoma mwenyewe, akishinda medali yake, akifungiwa aibu yake. Farasi hajajaza fomu, hata hajui kwamba kuna utepe. Hata hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na sijaona namna utepe unaweza kuwa sababu. Ila lawama nyingine naipeleka kwa majaji moja kwa moja, maana mtu hapaki dizeli kwa kupenda harufu, anapaka kwa sababu mwaka jana aliyepaka ndo alipewa kikombe.

Sio kila kurembesha ni kuchakachua lakini. Kumwogesha, kumpaka rangi nyeusi ya kwato, kumsuka manyoya ya shingo, hayo hayamuumi popote. Tena Marekani kuna mashindano wanaruhusu kabisa farasi mwenye mkia mwembamba aongezewe nywele, anafungiwa mkia wa bandia kama dada anavyosukwa rasta pale Mwanjelwa, na ikidondoka katikati ya uwanja watu wanacheka, farasi anaendelea na safari yake.