Krimu ya siku tatu na imani nyingine zinazozeesha uso

"Nilipaka siku tatu tu, uso ukatakata." Kliniki za ngozi zimeshiba kauli hii. Anayeitamka mara nyingi amekaa kitini mashavu yakiwa yamejaa vipele, ngozi imeiva rangi ya damu ya mzee, na vinyweleo vimeota mahali ambapo havikuwahi kuwapo. Bado anaisifu krimu. Kwa hesabu yake, kosa lilikuwa kuiacha.

Dhana yenyewe ni kwamba krimu inayofanya kazi upesi ndiyo krimu nzuri. Usoni, upesi ndio wa kutiliwa shaka. Dawa halali ya chunusi hutaka wiki 6 hadi 12 ndipo mtu aone tofauti ya maana, na ya mabaka hutaka miezi. Krimu ikisafisha kila kitu kwa siku tatu, vipele, muwasho na weusi kwa pamoja, karibu kila mara ndani yake mna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho.

Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuinyamazisha kinga ya mwili pale ilipopakwa. Uvimbe hunywea, muwasho hukoma, na seli zinazotengeneza melanini, rangi ya asili ya ngozi, hupunguza kazi, ndiyo maana uso huonekana "umetakata". Chunusi haijapona hapo, imezibwa mdomo. Wakati huohuo seli zinazotengeneza kolajeni nazo zinalala, na kolajeni ndiyo inayoifanya ngozi iwe nene na inyooke. Mtu aliyekwenda dukani kutafuta ujana anarudi na makunyanzi aliyoyalipia mwenyewe.

Kinachokera zaidi ni mahali inapopakwa. Watafiti Feldmann na Maibach walipima mwaka 1967 jinsi haidrokotisoni inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili: paji la uso lilipitisha karibu mara 6 ya kigasha cha mkono, na taya karibu mara 13. Hiyo ni haidrokotisoni, steroidi dhaifu kuliko zote za kupaka. Klobetasoli, ambayo ina nguvu mara mia kadhaa zaidi, maelekezo yake husema isizidi wiki 2 mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na isipakwe usoni. Ni dawa iliyokusudiwa magamba mazito ya kiwiko na goti. Watu wanaipaka mashavuni asubuhi na jioni, mwaka mzima, tena juu ya kope, ambako inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kuna pia tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya kila kitu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, zote pamoja. Ukipaka juu ya choa, wekundu na magamba hupungua, nawe unadhani umepona. Chini yake fangasi anatambaa kwa raha kwa sababu kinga imelazwa. Mwezi mmodi baadaye ule mduara uliokuwa na ukingo wazi umekuwa ramani isiyoeleweka, na hata daktari huweza kuukosea.

Soma maandishi madogo kwenye tyubu, achana na picha ya mrembo juu ya boksi. Ukiona clobetasol, betamethasone, mometasone, fluocinolone au jina lolote linaloishia na "-sone" au "-olone", hicho si kipodozi. Kikopo cha mkorogo kisicho na lebo kichukulie kuwa kina steroidi, na huenda haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki pia. Sabuni au krimu ikikuonya uvue pete ya dhahabu kabla ya kupaka, itupe: zebaki hung'ang'ania dhahabu, na ikipenya mwilini huharibu figo. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kiholela kwa miaka, huleta weusi wa kibluu kwenye mashavu ambao hautoki kwa krimu yoyote. Mtafiti Findlay na wenzake waliuelezea Afrika Kusini mwaka 1975, na vipodozi vyenye kemikali hiyo vikapigwa marufuku huko mwaka 1990.

Kuacha nako kuna utaratibu wake. Aliyepaka siku chache aache tu. Aliyepaka miezi asiache ghafla akiwa peke yake, maana uso utawaka, utavimba na kutoa vipele kwa wiki kadhaa au miezi, naye atairudia tyubu akiamini ngozi "imeizoea dawa". Aende kliniki ashushwe ngazi kwa ngazi: steroidi dhaifu, kisha siku moja ndiyo na moja hapana, kisha basi. Katika kipindi hicho uso unahitaji vitu viwili tu, sabuni laini na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hakuna manjano, asali wala majani ya jirani.

Steroidi si sumu, na anayeogopa kumpaka mtoto mwenye pumu ya ngozi dawa aliyoandikiwa anamtesa bure. Kipimo chake ni rahisi: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Ipake iliyoandikwa, kwa siku zilizoandikwa.

Mengine yaende haraka.

"Mtu mweusi hahitaji losheni ya jua." Melanini ya ngozi nyeusi sana hukadiriwa kukinga kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), si haba, lakini haizuii mabaka kukolea. Mabaka huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na miale ya jua isiyoonekana iitwayo UVA hupita kwenye kioo cha daladala. Mwenye mabaka achague losheni ya SPF 30 au zaidi yenye rangi ya ngozi, kwa sababu madini ya chuma yanayoipa rangi ndiyo yanayozuia mwanga huo. Kiasi ni mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, na kurudia kila saa mbili ukiwa juani. Tone moja la kubania ni kazi bure. Kwa mwenye ualbino haya si ya urembo, ni ya kuzuia saratani. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun mahsusi kwa ajili yao.

"Ndimu hung'arisha." Ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi. Malengelenge hutokea ndani ya siku moja hadi tatu, kisha doa jeusi linabaki kwa miezi. Ndimu iwekwe kwenye samaki. Liwa haina ugomvi na mtu, ilimradi isikorogwe kwa ndimu.

"Sugua sana utoe weusi." Weusi wa shingo na magoti mara nyingi huletwa na huko kusugua kwenyewe. Dodoki mara moja kwa wiki linatosha, na halina kazi usoni. Sabuni ya mche ni ya nguo. Shingo ikiwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, pima sukari badala ya kununua skrabu.

"Kunywa maji mengi, ngozi italainika." Kunywa kwa kiu yako. Ukavu wa ngozi ni maji yanayotoroka juu, na hutibiwa juu: oga kwa maji ya vuguvugu dakika zisizozidi kumi, jikaushe kwa kugusagusa taulo, na ndani ya dakika tatu paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Msimu wa upepo mkavu, changanya kijiko kimoja cha glisirini na viwili vya maji safi, paka, kisha funika kwa mafuta ya mgando. Changanya ya siku hiyo tu, ikilala inaota vijidudu.