Hivi kusema serikali imekosea ni uchochezi?

Ijumaa iliyopita nilipita barazani Ngamiani, hapa Tanga, kunywa kahawa baada ya swala. Kikombe cha kwanza hakijapoa, mzee mmoja fundi cherehani akaninyooshea simu yake. "Bwana wakili, hebu nisomee hii kwa jicho la sheria." Alikuwa ameandika ujumbe mrefu kwenye kundi la mtaa: maji yamekatika siku tisa, bili imekuja vilevile, na viongozi "wametufanya mbuzi." Mjukuu wake kamwambia aufute upesi, ataitwa kituoni kwa uchochezi. "Sasa mwanangu, nafuta au sifuti?"

Nikamwambia asifute. Sababu zake ni ndefu kuliko kikombe cha kahawa, kwa hiyo nazileta hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Kuchochea, kwa mtu wa jikoni, ni kusogeza kuni mekoni ili moto ushike. Pana kuni, pana mkono, pana moto. Ndiyo maana wengi tukisikia "uchochezi" tunafikiria ghasia, watu wamebeba mapanga, maduka yanachomwa. Sheria yetu haisemi hivyo. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 kinaeleza "nia ya uchochezi" kuwa ni pamoja na kuleta chuki au dharau dhidi ya mamlaka halali ya serikali, au kuamsha hali ya kutoiridhia. Moto hautajwi. Anaulizwa mwenye mkono tu.

Tena kifungu cha 53, chenye makosa na adhabu, kinamgusa mtu yeyote, si mwandishi wa gazeti peke yake. Ilipopitishwa, mkosaji wa mara ya kwanza aliwekewa faini isiyopungua milioni 5 na isiyozidi milioni 10, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. (Watu huchanganya kosa hili na uhaini. Uhaini uko kwenye Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ni kifo, na hauna dhamana. Uchochezi una dhamana. Ukimsikia mtu anayatumia maneno haya mawili kama ndugu mapacha, mwulize anasoma sheria ya nchi gani.)

Maneno haya hayakuzaliwa 2016. Yalitoka kwenye Sheria ya Magazeti ya 1976, na huko yalihamishiwa kutoka Kanuni ya Adhabu ambayo Mwingereza aliiletea Tanganyika mwaka 1930. Ukiziweka sheria hizo tatu juu ya meza moja utaona mwili ni uleule, kilichobadilishwa ni kanzu.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo mimi huwa siliachi lipite. Kwao Uingereza, majaji walikuwa wameshaanza kulibana kosa hili tangu karne ya 19: maneno makali hayatoshi, lazima yawe yanasukuma watu kwenye vurugu. Makoloni yakapewa kanuni iliyoandikwa bila sharti hilo. Mwaka 1936 Wallace-Johnson, mtu wa Sierra Leone aliyekuwa akifanya siasa Accra, aliandika makala gazetini akiwashambulia wakoloni na dini yao. Akatozwa faini ya pauni 50. Akakata rufaa hadi Baraza la Mfalme huko London, ambako rufaa za makoloni ziliishia, akitaka apimwe kwa kipimo cha Waingereza wenyewe. Uamuzi, ulioripotiwa mwaka 1940, ulimkatalia: kanuni ya koloni isomwe kwa maneno yake yenyewe, na maneno yake hayadai vurugu. Yaani kosa moja, mizani mbili, ya mwenye nyumba na ya mpangaji. Uingereza ilishalifuta kosa hilo kwa sheria ya mwaka 2009. Sisi tulipokabidhiwa nyumba tulikuta mizani ya mpangaji ukutani, tukaiacha ining'inie.

Barazani hapa kuna wanaoapa kwamba Mwalimu naye alifungwa kwa uchochezi. Hapana. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, kwa makala ya jarida la chama, Sauti ya TANU, iliyowagusa wakuu wa wilaya wawili, na hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela. Faini ikalipwa. Kosa tofauti, ila harufu inafanana.

Rudi kwenye ujumbe wa mzee. Ugumu wa kwanza kwa anayeshtakiwa ni nia. Sheria inamhesabu mtu kuwa alikusudia matokeo ambayo kwa kawaida yangefuata kitendo chake, kwa hiyo "sikukusudia" ni utetezi mwembamba. Ugumu wa pili ni kwamba ukweli wa ulichosema haumo kwenye orodha ya kinga. Unaweza kusema kweli tupu na bado ukaulizwa kama kweli hiyo imeleta chuki. Na chuki ataipimaje hakimu? Kwa uso wa shahidi?

Lakini kinga zipo, na watu hawazijui. Kifungu hichohicho cha 52 kinasema si uchochezi kuonyesha kuwa serikali imepotoshwa au imekosea katika hatua zake. Si uchochezi kutaja kasoro za serikali, za katiba au za sheria kwa lengo la kuzirekebisha. Si uchochezi kuwashawishi wananchi watafute mabadiliko kwa njia halali. Wala si uchochezi kutaja mambo yanayozaa uhasama kati ya makundi ili yaondolewe. Maji yamekatika, bili imekuja, tunataka majibu: mzee yumo ndani ya kinga kwa miguu yote miwili. "Wametufanya mbuzi" ni lugha ya uchungu, na kusema kweli kwa Tanga hiyo ni adabu.

Juu ya yote ipo Katiba. Ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni, na ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka. Wanaopenda kunyamazisha husoma ya 30 kana kwamba imekuja kuifuta ya 18. Mahakama ya Rufani haikuisoma hivyo: tangu kesi ya Daudi Pete ya mwaka 1991 na ya Kukutia Ole Pumbun iliyofuata, mpaka unaowekwa usiwe wa kiholela, na usizidi kile kinachohitajika. Mwaka 2019, tarehe 28 Machi, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pale Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016, vya 52 na 53 vikiwemo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, ikaitaka Tanzania iirekebishe. Marekebisho ya 2023 yaliitoa kashfa kwenye jinai, na nayapongeza. Uchochezi ulistahili kupanda gari hilohilo. Kenya waliufuta 1997, na Uganda Mahakama yao ya Katiba iliubatilisha mwaka 2010 katika shauri la mwanahabari Andrew Mwenda.

Kilichonitia wasiwasi kwenye simu ya mzee hakikuwa mbuzi. Kilikuwa ile tisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamshughulikia anayesambaza taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha au kutukana, na faini yake haipungui milioni 5. Huko ukweli una thamani, tena kubwa.

Nikamwuliza, "Mzee, siku tisa una hakika?"

Akahesabu kwa vidole, akamwita muuza kahawa washauriane, wakabishana kama Jumanne ilikuwa na maji au lilikuwa boza la jirani. Mwisho akachukua miwani, akabadilisha tisa ikawa saba. Mbuzi akawaacha walivyo.