Dola saba kwa mwezi

Neno uzalendo nimelisikia zaidi mishahara inapochelewa kuliko siku za sikukuu za taifa. Katika shule moja niliyofundisha mwanzoni mwa kazi yangu tulikaa miezi miwili bila kulipwa, na kiongozi aliyekuja kuzungumza nasi akatuomba tuwe wazalendo. Maana yake ilikuwa tunyamaze tufundishe. Nilinyamaza, nikafundisha. Lakini jioni nilikuwa nikisoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya serikali ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi, somo ninalolichimba hadi leo, na humo nikakutana na askari walioliishi neno hilo kwa namna nyingine kabisa.

Ni askari weusi wa Kikosi cha 54 cha jimbo la Massachusetts, upande wa Kaskazini. Kiliundwa mapema 1863, baada ya Rais Lincoln kutangaza, Januari 1, kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru na kwamba watu weusi watapokelewa jeshini. Gavana wa Massachusetts, John Andrew, aliwaandikisha kwa ahadi ya kulipwa sawa na askari wengine wa Kaskazini: dola 13 kwa mwezi. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, alizunguka kuwahamasisha vijana wajiunge, na wanawe wawili, Lewis na Charles, wakaandikishwa humo.

Julai 18, 1863 kikosi hiki kilitangulia mbele kuishambulia Ngome ya Wagner ya waasi, karibu na Charleston, Carolina Kusini, kwa kupita ukanda mwembamba wa mchanga kati ya bahari na kinamasi. Waliingia vitani kama 600. Zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Kanali wao, Robert Gould Shaw, mzungu wa miaka 25, aliuawa juu ya ukuta wa ngome, na maadui wakamfukia shimo moja na askari wake. Baba yake alipoulizwa kuhusu kumhamisha, alikataa; alisema hapo ndipo mahali panapomfaa.

Majeraha hayajapona, mlipaji wa jeshi akaja na dola 10, na katika hizo zinakatwa 3 za sare. Zinabaki 7. Serikali ilishikilia sheria ya Julai 1862, iliyotungwa kwa kumfikiria mtu mweusi kama mchimba mahandaki na mbeba mizigo. Mtu mweusi mwenye bunduki hakuwamo katika mawazo ya waliotunga sheria ile.

Wakazikataa. Hawakuweka silaha chini: walilinda zamu, walichimba, walipigana, ila hawakupokea hata senti. Jimbo la Massachusetts likajitolea kufidia pengo kutoka hazina yake, na hizo pia wakazikataa. Hapa ndipo ninapokwama kila nikirudia kusoma. Nyumbani wake na watoto walikuwa na njaa. Dola zile zingewatosheleza. Lakini kuzichukua ilikuwa ni kukubali kwamba deni la taifa kwao ni dola 7 tu, na iliyobaki ni hisani ya gavana mwema. Walidai haki yao kwa yule waliyemfia, si kwa mwingine.

Septemba 28, 1863 koplo mmoja, James Henry Gooding, aliyewahi kuwa baharia wa meli za kuvulia nyangumi, alimwandikia Lincoln mwenyewe. Barua ina heshima zote, haina unyenyekevu wa kuomba. Anauliza: sisi ni askari, au ni vibarua? Tumetimiza wajibu wa askari, kwa nini tusilipwe ujira wa askari? Naamini huo ni uzalendo ulio mzito kuliko nyimbo zote, kwa sababu anayeuliza hivyo ameshaamua kwamba nchi ni yake. Mgeni hadai. Mgeni hushukuru.

Wapo wanaoisimulia Marekani ya zamani kama hadithi ya mashujaa watupu, na wapo wanaoisimulia kama dhuluma mwanzo hadi mwisho. Sijaweza kukaa na upande wowote, na sababu mojawapo ni Sajini William Walker. Yeye alikuwa katika kikosi kingine, cha Carolina Kusini. Novemba 1863 aliongoza wenzake kuweka bunduki chini mbele ya hema la kamanda wao kwa ajili ya mshahara uleule. Alihukumiwa kwa uasi, akapigwa risasi mwishoni mwa Februari 1864. Gavana Andrew alisema kwa uchungu kwamba serikali iliyokosa sheria ya kumlipa kama askari ilipata sheria ya kumuua kama askari.

Juni 1864 Bunge likapitisha malipo sawa. Lakini wa kulipwa malimbikizo yote tangu siku ya kuandikishwa walikuwa wale tu waliokuwa huru Aprili 19, 1861, siku chache baada ya vita kuanza. Katika Kikosi cha 54 wamo waliokuwa watumwa siku hiyo. Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo: askari aape kwamba kufikia tarehe hiyo hakuwa anadaiwa na mtu yeyote kazi isiyo na ujira. Kila mmoja aliweza kuinua mkono bila kusema uongo, hata aliyechapwa viboko shambani mwaka ule. Nani anaweza kudaiwa kazi ya bure?

Fedha zilifika mwishoni mwa Septemba 1864, baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa kukataa. Koplo Gooding hakuwepo kwenye foleni. Alijeruhiwa na kutekwa katika mapigano ya Olustee, Florida, mwezi Februari, ambako wenzake waliingia vitani wakipaza sauti: Massachusetts na dola saba kwa mwezi! Alifia gerezani Andersonville, Georgia, Julai 19, 1864. Ilikuwa imepita mwezi mmoja na siku chache tangu sheria aliyoiomba ipitishwe.